Collision Lab ya PhET: momentamu imeeleweka hapa kwetu baada ya kusumbua mwezi mzima

Naandika hii kwa wazazi na makaka na madada wenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu anayesoma fizikia, maana najua tupo wengi tunaolipia tyusheni na mtoto anarudi na alama zilezile. Mimi nina steshenari ndogo Morogoro, natoa kopi na kuprinti, kwahiyo kompyuta ipo na jioni wateja wakipungua nakaa na mdogo wangu kwenye daftari lake. Tumetumia Collision Lab ya PhET, kifaa cha kwenye kompyuta kinachoonyesha vitu vikigongana, kama wiki tatu hivi na nimeridhika nayo sana. Ni bure, ila sio ya kumwachia mtoto peke yake abonyezebonyeze, hilo nitalieleza huko mbele.

Kwanza tatizo lilikuwa hili. Kwenye zoezi la darasani walipewa swali la toroli mbili, moja ya kilo 2 inaenda mita 3 kwa sekunde, nyingine ya kilo 1 inakuja upande wa pili kwa mita 4 kwa sekunde, zinagongana zinagandana, tafuta spidi baada ya kugongana. Mdogo wangu akaandika 2 mara 3 ni 6, 1 mara 4 ni 4, jumla 10, gawa kwa kilo 3, jibu 3.33. Kosa. Nikaangalia daftari nyuma nikakuta amekosa hivyohivyo maswali matatu mfululizo na kote kapigwa mkasi mwekundu bila maelezo. Ukimuuliza fomula ya momentamu anaitaja kama anasoma shairi, masi (zile kilo) mara velositi (spidi pamoja na upande inakoenda), jumla ya kabla sawa na jumla ya baada. Kwahiyo fomula haikuwa shida. Alikuwa anaenda darasa moja la jioni mtaani, sitalitaja, watoto wamejaa hadi mlangoni, mwalimu anajaza ubao kwa fomula wanakopi wanaondoka, na siwezi kumlaumu sana mwalimu kwa umati ule lakini pesa ilikuwa inatoka na swali la toroli linakosewa palepale.

Nikamwambia ebu funga daftari kwanza. Nikamuuliza, bodaboda na abiria wake wote pamoja kilo 200 inakimbia kilomita 54 kwa saa, na daladala Coaster iliyojaa, tuseme kilo 5000, inatambaa tu kuingia kituoni, ipi ni ngumu zaidi kuisimamisha? Akasema boda kwasababu inakimbia. Haya tupige hesabu. Kilomita 54 kwa saa unagawa kwa 3.6 unapata mita 15 kwa sekunde (hii ya kugawa kwa 3.6 mfundishe mtoto mapema, wengi wanaingiza kilomita kwa saa kwenye fomula hivyohivyo alafu wanashangaa), 200 mara 15 ni 3000, hiyo ndo momentamu yake. Sasa daladala ili ifike 3000 inahitaji spidi gani? 3000 gawa kwa 5000 ni 0.6. Mita 0.6 kwa sekunde! Hata mtu anayetembea taratibu anaipita. Mdogo wangu akanyamaza kidogo akasema kumbe ndo maana konda anaruka gari halijasimama na anatua salama lakini mtu aliyebanwa na gari hilohilo linarudi nyuma polepole anavunjika. Yaani mwenyewe, sikumwambia mimi. Hapo ndo nikajua mtoto ana akili ya hii kitu, alichokosa ni kuiona.

Sasa Collision Lab. PhET ni mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder huko Marekani, ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 2001 pamoja na Eric Cornell na Wolfgang Ketterle. Naitaja hii kwa sababu watu wakisikia kitu cha bure wanadhani ni cha kubabaisha, hapana, huyu ni mtu aliyefika juu kabisa kwenye fani yake akaamua kuhangaika na namna watoto wanavyofundishwa. Wana vifaa vya namna hii vingi, vya umeme, mawimbi, kemia, hesabu, na Collision Lab ndo ya migongano. Inafunguka kwenye brauza ya kawaida, huhitaji kujisajili wala kuinstoli kitu.

Ndani unakuta mipira inayoteleza kwenye uwanja. Unaweza kuugusa mpira ukauvuta, au ukabonyeza namba kwenye jedwali chini ukaandika masi na velositi unayotaka. Kila mpira unaweza kuuwekea mshale wa velositi na mshale wa momentamu. Na kuna kisanduku kimoja ukikiwasha kinachukua mishale yote ya momentamu kinaipanga mmoja baada ya mwingine, alafu chini kinakuonyesha mshale wa jumla. Hicho kisanduku ndo sababu ya mimi kuandika haya yote. Kama utafungua hii kitu na hukiwashi basi umeangalia mipira tu.

Tukaweka mpira wa kwanza kilo 0.5 unaenda kulia kwa mita 1 kwa sekunde, wa pili kilo 1.5 unakuja kushoto kwa 0.5, kwahiyo velositi yake inaandikwa −0.5. Nikamwambia kabla hujabonyeza chochote niambie jumla ya momentamu. Akafanya 0.5 mara 1 ni 0.5, alafu 1.5 mara 0.5 ni 0.75, jumla 1.25. Kosa lilelile la toroli. Sikumsahihisha. Nikamwambia washa kisanduku. Mshale wa kwanza ukaenda kulia urefu wa 0.5, wa pili ukaanzia pale ulipoishia wa kwanza ukarudi kushoto urefu wa 0.75, ukapitiliza mwanzo, na mshale wa jumla ukawa kamshale kafupi kanaangalia kushoto, 0.25. Alikaa anakaangalia. Akasema kumbe zinakulana. Nikamwambia ndiyo, zinakulana, ile alama ya kutoa sio mapambo, ndo njia ya kuandika kwamba huyu anaenda huku na yule anaenda kule.

Hapo nataka kukaa kidogo, maana naona hapa ndipo watoto wengi wanapopotelea na wakubwa tunawaona hawako makini. Hili kosa la kujumlisha bila kuangalia mwelekeo sio la wavivu. René Descartes, yule mwanafalsafa Mfaransa, aliandika mwaka 1644 kwamba kuna kiasi cha mwendo kwenye ulimwengu ambacho hakipungui wala kuongezeka, ukubwa wa kitu mara spidi yake, na hakukiwekea mwelekeo. Kwahiyo sheria zake za migongano nyingi hazikukubaliana na kinachotokea kweli vitu vikigongana. Ilichukua zaidi ya miaka 20, mpaka kwenye mwaka 1668 na 1669 watu watatu, Christiaan Huygens, John Wallis na Christopher Wren, walipopeleka majibu yao kwa Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, na ndo ikakaa sawa kwamba mwelekeo lazima uhesabiwe. Newton akaja kuiweka kwenye kitabu chake kikubwa cha 1687. Sasa kitu kilichomteleza Descartes unamtegemea mtoto wa miaka 15 akishike kwa kukopi ubaoni? Nilimsimulia mdogo wangu hii na nilimwona anakaa wima kwenye kiti.

Alafu tukabonyeza kucheza. Mipira ikagongana, ule mdogo ukarudi nyuma mbio, −1.25, ule mkubwa ukageuka polepole kwenda kulia, 0.25. Momentamu sasa, 0.5 mara −1.25 ni −0.625, 1.5 mara 0.25 ni 0.375, jumla −0.25. Ileile. Mishale miwili yote ilibadilika kabisa urefu na upande lakini ule wa jumla haukutikisika hata kidogo. Ukiona kwa macho unaelewa neno kuhifadhiwa linamaanisha nini, sio kwamba kila mpira umebaki na chake, ni kwamba wamepeana, alichopoteza mmoja ndicho alichopata mwingine. Huyu wa kwanza kabadilika kwa −1.125, huyu wa pili kabadilika kwa +1.125. Nilimwambia azitoe mwenyewe kwenye karatasi na akazipata.

Kitu kingine kizuri sana ni kile kitelezi cha elastisiti. Kinaanzia sifuri mpaka asilimia 100. Mia ni mipira inaruka kama ya raba kamili, sifuri ni inagandana kama udongo. Tukaweka namba zilezile za mwanzo, tukashusha mpaka sifuri. Zikagongana zikashikana zikaenda pamoja kushoto kwa mwendo wa kobe, maana −0.25 gawa kwa kilo 2 ni −0.125. Na unaweza kuwasha enajia ya mwendo ionekane. Kabla ilikuwa 0.44 hivi, baada ya kugandana imebaki 0.02. Karibu yote imeondoka! Lakini momentamu bado −0.25. Hapa mdogo wangu akaniuliza swali la maana, iweje kimoja kibaki na kingine kiondoke wakati vyote vimetokana na masi na velositi? Ilibidi nifikirie. Nikamwambia enajia haina upande, joto linaweza kuichukua, sauti ya kishindo inaichukua, bodi la gari likibonyea limeichukua, ila momentamu ina upande, na kwenye kugongana kila mmoja anamsukuma mwenzake kwa fosi sawa, kwa muda uleule, kwa upande wa kinyume, kwahiyo zikijumlishwa haziwezi kuongeza wala kupunguza kitu. Nashukuru kifaa kilimfanya aulize, ubaoni asingeuliza.

Angalizo moja la hesabu. Skrini inaonyesha desimali mbili tu. Kwahiyo ile −0.125 utaisoma imekatwa kwenye desimali mbili, mtoto akiichukua akazidisha tena anapata jumla inayopishana kidogo na −0.25, anaanza kuona kama sheria imevunjika. Mwambie namba imekadiriwa. Sisi tulichagua baadaye masi na velositi zinazotoka vizuri.

Sasa ambayo haimo, maana mtu akisoma sifa tupu anaweza kudhani mada yote ya momentamu inaishia hapa. Kwenye Collision Lab mipira inagongana mara moja tu kama kufumba macho, hakuna muda wa mgongano wala fosi. Kwahiyo impalsi, yaani fosi mara muda sawa na badiliko la momentamu, huwezi kuifundishia humo. Na mlipuko pia haumo, yale maswali ya bunduki ya kilo 4 inapiga risasi ya kilo 0.02 kwa mita 400 kwa sekunde, bunduki inarudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, hayo unayafanya kwenye karatasi. Hiyo ya bunduki ikawa rahisi kwake baada ya mishale, maana jumla mwanzo ni sifuri na lazima ibaki sifuri, +8 na −8.

Impalsi tulifanya kwa khanga na yai, na nakushauri ufanye. Watu wawili wanashika khanga wima, chini wanaikunja kidogo iwe kama mfuko, wa tatu anarusha yai kwa nguvu zote katikati ya khanga. Halivunjiki. Mama alikuja juu kwanza kuhusu mayai, baadaye na yeye akarusha. Yai hilohilo ukilirusha ukutani kwa spidi hiyohiyo unajua kinachotokea, na momentamu iliyopotea ni ileile, tofauti ni muda tu, khanga inarudi nyuma inampa yai muda wa kusimama. Tukapiga hesabu ya golikipa, mpira wa kilo 0.43 unakuja mita 20 kwa sekunde, momentamu 8.6. Kipa akiudaka akarudisha mikono, ukasimama kwa sekunde 0.1, fosi ni nyutoni 86. Akikaza mikono ukasimama kwa sekunde 0.01, ni 860, kama kubeba mtu mzima kwenye viganja. Na mkanda wa gari, na elementi (kofia ngumu) ya bodaboda, ile sponji nene ya ndani ambayo vijana wanaichomoa ili iwe nyepesi, kazi yake ni hiyohiyo ya kuongeza sekunde kidogo. Naomba msiichomoe.

Upande wa simu. Inafanya kazi kwenye simu lakini kwenye skrini ndogo namba zinabanana na kuvuta mpira kwa kidole kunataka uvumilivu, geuza simu ilale. Kwenye kompyuta ni raha zaidi, hata kompyuta yangu ya zamani inaimudu. Kuhusu bando, unaweza kuipakua ukaihifadhi kama faili na kuifungua bila intaneti, sisi nimeiweka kwenye flashi na nimeshawapa watoto kadhaa wa mtaani wanaokuja kutoa kopi.

Tuliitumia kwa Kiingereza na tukawa tunaongea Kiswahili juu yake. Naona hivyo ndo inafaa, maana mtihani utakuja kwa Kiingereza, mtoto anayazoea maneno yenyewe kwenye vitufe huku kichwani akili inafanya kazi kwa lugha anayoiota. Mdogo wangu nilimwambia kila neno la kwenye kitufe alieleze kwa maneno yake kabla ya kukibonyeza. La velositi lilimsumbua, alikuwa anaona ni spidi tu kwa jina lingine, mpaka tulipogeuza mshale upande wa pili na namba ikabadilika alama bila ukubwa kubadilika.

Na hili ndo la kutomwacha peke yake. Ukimpa tu, dakika tano atakuwa anarusha mipira inagongana kwa fujo, ni mchezo. Kanuni yetu ilikuwa moja, hubonyezi kucheza mpaka umeandika kwenye karatasi unadhani nini kitatokea, kila mpira utaenda upande gani, na jumla ni ngapi. Alafu ndo unabonyeza. Akikosa haandikiwi mkasi, anarudi kwenye mishale anatafuta alipoteleza. Siku za kwanza alikuwa anapatia moja kati ya tano, sasaivi anakasirika akikosa hata moja. Lile swali la toroli alilirudia bila mimi kumwambia, 6 toa 4 ni 2, gawa kwa 3, 0.67 kwenda upande wa ile ya kilo 2, na upande aliuandika, hajaishia kwenye namba.

Jioni moja tulikuwa kwenye ukurasa wa pili, ule wenye ukuta pembeni ambao mipira inaudunda na kurudi, nikasahau kuuzima. Mpira wa kilo 0.5 unaenda mita 1 kwa sekunde ukagonga ukuta ukarudi kwa −1, na mshale wa jumla ukaruka. Akanirukia na yeye, kaka umesema jumla haibadiliki! Momentamu imeenda wapi? Nikamwambia ukuta umesukumwa. Akasema ukuta hauendi popote. Nikamwambia ukuta wa nyumba umeshikana na nini? Na ardhi. Na ardhi ni nini? Akaelewa ninapoelekea, akaniuliza dunia ina kilo ngapi, nikamwambia 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Badiliko la mpira lilikuwa 1. Akachukua karatasi moja ya kopi iliyoharibika pale kaunta akaanza kuandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri, sifuri, wateja wawili wakaja wakahudumiwa wakaondoka yeye anaandika, mpaka zikafika sifuri 24 baada ya nukta alafu akaweka 17. Mita kwa sekunde. Hiyo ndo spidi ambayo dunia imesogezwa na mpira wake. Karatasi ameibandika ukutani juu ya kitanda chake.